Laini Iliyobaki Wazi

Mtaa mzima unamwita Opereta. Hata watoto waliozaliwa juzi, ambao hawajawahi kuona simu yenye waya, humwita hivyo hivyo bila kujua opereta ni mtu wa namna gani. Wanadhani ni jina alilopewa na wazazi wake. Ukiwaambia kwamba zamani mtu akitaka kuongea na mwenzake wa mbali ilibidi kwanza aongee na mwanamke aliyeketi mbele ya ubao wenye matundu, na kwamba mwanamke huyo ndiye aliyeshika waya na kuwaunganisha, watakutazama kama unawasimulia habari za majitu. Ndivyo dunia ilivyo sasa. Kinachoingia leo asubuhi kinakifuta kilichokuwapo jana jioni, na wala hakisemi samahani.

Opereta alikaa mbele ya ubao huo, swichibodi ya hospitali kubwa, tangu akiwa msichana wa kiuno chembamba hadi nywele zilipoingia mvi. Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, kina feni moja iliyogeuza shingo taratibu kama mzee anayetafuta miwani. Humo ndani alizijua sauti zote: daktari wa upasuaji aliyevuta pumzi ndefu kabla ya kusema neno, mpishi mkuu aliyepiga kelele kana kwamba hauamini waya, mabwana wa utawala ambao tafadhali iliwashinda kutamka. Wote aliwaunganisha kwa adabu moja. Kila laini ilikuwa na taa yake ndogo. Watu wakiongea, taa inawaka. Wakishaweka simu chini wote wawili, taa inazimika, naye anachomoa waya wake: tk. Kuchomoa kabla taa haijazimika lilikuwa kosa la kuitwa ofisini. Ukisikiliza maongezi ya watu, hukuitwa popote. Ulichukua mkoba wako ukaenda nyumbani moja kwa moja.

Msimamizi wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, aliwafunza wasichana wake sheria hiyo kwa maneno machache: ukijikuta umo kwenye laini ya watu, sema au toka. Ama ujitangaze wajue upo, ama uvue chombo cha sikioni uwaache na mambo yao. Kukaa kimya katikati hakukuruhusiwa. Kazi ilikuwa na heshima yake siku zile, na walioapa kuishika sheria hiyo hawakuapa kwa mdomo tu.

Kisha wakaja mafundi na mashine yenye ukubwa wa sanduku la viatu. Wakaung'oa ubao, wakauegemeza ukutani nyuma ya stoo, mvua ikaunyeshea. Opereta akaagwa kwa soda na hotuba fupi, na msoma hotuba alilikosea jina lake. Akarudi kwenye nyumba yake ya vyumba viwili na ua, nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe kidogo kidogo, akafuga kuku, akaishi.

Ana watoto watatu. Kifungua mimba ni mwanamume mwenye duka la vipuri vya magari, mtu wa mipango, anayeongea kama anayesoma orodha ya bei. Wa kati ni binti, mwalimu wa shule ya msingi, machozi yake yako karibu. Kitinda mimba ni kijana mkubwa tu mwenye ndevu zake, lakini kwa kuwa ni wa mwisho bado anaagizwa chumvi. Walipokuwa wadogo, wakitoka shule walipita dukani kwa muuza mkate, wakaazima simu na kumpigia mama yao kazini kumwambia wamefika. Akawafunza kwamba mdogo hamkatii mkubwa simu. Ukimaliza kusema, subiri. Wakasubiri kila siku, vichwa vitatu vimebanana kwenye mkono mmoja wa simu, mpaka waisikie ile tk kutoka kwenye ubao wa mama. Ndipo wakimbie nyumbani.

Mkubwa ndiye aliyemletea simu ya kisasa, ile ya kioo, akamwekea mambo yote yanayowekwa. Opereta aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaitafutia mahali. Aliitandikia kitambaa alichofuma mwenyewe kwenye meza ndogo ya dirishani, akailaza hapo, na hapo ndipo ikakaa. Haikuwahi kuvuka kizingiti. Binti yake alipomwambia aibebe, alikataa bila hasira. Alisema simu ina mahali pake, na mtu huifuata. Mtu anayetembea na simu yuko zamu, na yeye zamu yake alishatoka.

Msidhani ilimshinda. Aliijua kuliko walivyofikiri, ila aliijua kwa njia yake. Hakuandika humo jina la mtu hata mmoja, kwani namba zote alikuwa nazo kichwani. Alisema kuandika jina la mwanao kwenye simu ni kukiri kwamba siku moja utamsahau. Ujumbe wa sauti aliupenda, na aliotuma ulikuwa kama matangazo ya hospitali: alitaja anayeongea, anayeongeleshwa, habari yenyewe, kisha akasema mwisho. Kitinda mimba aliwasikilizisha wenzake kazini wakacheka hadi wakashika mbavu, halafu mmoja wao akaomba auhifadhi, kwa sababu mama yake mwenyewe alishakufa na alikuwa akiongea vile vile.

Kilichomchosha ni lile kundi la familia. Kila alfajiri mtu alituma picha ya ua yenye maneno ya asubuhi njema. Mwanzoni Opereta alilijibu kila ua. Kisha akagundua kwamba aliyelituma alilipata kwa mtu mwingine, na huyo kwa mwingine, na hakuna mtu popote aliyekuwa amemtakia mwenzake chochote. Akaacha.

Kosa lake lilikuwa moja, na hakuna mtu angeweza kulifanya isipokuwa opereta. Maongezi yakiisha, alikaa na simu mkononi akikitazama kioo. Kioo kikifika wakati wake kinajizima, kama vioo vyote. Yeye akaona taa imezimika, na taa ikizimika maana yake upande wa pili wameweka chini. Basi anailaza simu kwenye kitambaa chake na kwenda zake. Huko upande wa pili, watoto waliokuwa wamefunzwa tangu wakiwa na meno ya utoto kwamba mdogo hamkatii mkubwa, walisubiri mama akate. Mama hakati. Wanaiweka simu mezani, wanarudi kwenye shughuli zao, na laini inabaki wazi hadi mtu akumbuke au kifurushi kiishe. Kila mmoja alidhani ni mapenzi ya mama, kwamba hataki kuagana. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Jumapili moja alasiri, fundi viatu wa jirani alimletea Opereta viatu vyake. Huyu ni mzee mwenzake, rafiki wa marehemu mumewe, ndiyo maana humwita shemeji. Opereta alikigeuza kiatu juu chini akakikagua.

"Shemeji, hiki umekishona au umekiombea dua?"

"Vyote viwili. Miguu yako siiamini."

Simu ikaita. Watoto wote watatu walikuwa wamekutana nyumbani kwa mkubwa na walitaka kumsalimu mama. Fundi viatu naye akataka kuwasalimu, na kwa kuwa mjukuu wake alikuwa amemwonyesha alama ya spika, akainyoosha shingo, akabonyeza, sauti zikajaa chumbani. Alijisikia bingwa. Wakasalimiana, wakaulizana kuhusu kuku na magoti, wakaagana kwa heri nyingi. Opereta akasubiri, kioo kikazimika, akailaza simu mahali pake na kwenda jikoni kumchemshia mgeni chai.

Aliporudi na vikombe alimkuta fundi viatu ameketi wima kama mtu anayepimwa suti, kidole mdomoni, macho kwenye meza ya dirishani. Kutoka kwenye simu iliyozimika taa ilitoka sauti ya mwanawe mkubwa, safi kama yumo chumbani. Alikuwa akisema chumba cha nyuma hapo kwake kimeshapakwa rangi, kitanda cha mama kimeingia, na mpangaji wa nyumba ya mama amepatikana. Mtu mzuri, ana kazi yake, atakwenda kuiangalia nyumba Jumamosi.

Kitinda mimba akauliza mama ataambiwa nini. Mkubwa akajibu kwamba ataambiwa anakuja kutibiwa macho, wiki mbili tu. Akishazoea, mambo yatakuwa yamekwisha.

Opereta alisimama na vikombe vyake, mvuke ukimpanda usoni. Hivyo ndivyo mtu anavyoondolewa nyumbani kwake siku hizi, alijisemea: kwa macho yasiyouma. Alipiga hatua moja kuelekea mezani, na fundi viatu akamshika upindo wa gauni.

"Nyamaza usikilize," alinong'ona. "Hizi ni habari zako mwenyewe."

Na hapo mzee alikuwa amegusa penyewe. Miaka yote ile chini ya ngazi, hakuna laini hata moja iliyowahi kumhusu yeye. Ilikuwa rahisi kuvua chombo cha sikioni watu walipoongea talaka zao na vifo vyao. Sasa waliongea nyumba yake. Akinyamaza atajua yote: watakuja saa ngapi, nani atalia, nani atabeba sanduku, watasema uongo gani na kwa mpangilio upi. Siku hiyo atawangoja na lango limefungwa na jibu liko tayari. Akisema, atakuwa amewapa nafasi ya kujipanga upya, tena kwa siri zaidi. Nyumba ilikuwa nzima mikononi mwake, na alichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu.

Kisha binti akaanza kuongea, na sauti yake ilikuwa imelowa. Alisimulia siku aliyompigia mama tangu alfajiri bila jibu. Alifundisha kipindi kizima akiandika hesabu ubaoni na kuzifuta mwenyewe, watoto wakimtazama. Mwishowe aliliacha darasa, akapanda pikipiki, akafika na kumkuta mama yuko uani anamsafishia kuku banda, anaimba. Alirudi bila hata kuingia ndani. Aliona haya kumwonyesha alivyokuwa. "Nilishamzika njiani," alisema. "Nilishachagua hadi nguo. Siwezi tena. Mwambieni uongo wowote mnaotaka, mradi awe mahali ninapoweza kumwona."

Opereta hakuwa anajua habari hiyo. Alikumbuka siku yenyewe, kwa sababu jirani alimwambia alimwona mwalimu mlangoni naye akabisha kwamba haiwezekani. Aliviweka vikombe chini. Alikuwa amekwishasikiliza kupita alivyoruhusiwa, na ile sauti ndogo ya yule mama mnene ilikuwa ikimngoja masikioni. Akamtoa fundi viatu mkono kwenye gauni, akainama juu ya simu, na sauti iliyotoka haikuwa ya mama wala ya mjane mwenye kuku. Ilikuwa ile ya chini ya ngazi, tulivu, isiyo ya upande wowote.

"Laini yenu iko wazi. Mmemaliza, au mnaendelea?"

Kilichofuata huko ng'ambo, fundi viatu anakisimulia hadi leo. Anasema alisikia kijiko kikianguka.

"Mama," alisema mkubwa. Orodha yote ya bei ilikuwa imempotea. "Uko hapo tangu lini?"

"Tangu rangi ya chumba."

Hakuwaapiza wala hakulia. Aliwaambia tu kwamba huyo mpangaji wa Jumamosi aarifiwe nyumba ina mtu, na kwamba siku hiyo waje wao. Kisha akasimama pale akiwa hajui afanye nini na simu, maana kwa mara ya kwanza alielewa kwamba kuzimika kwa kioo hakukuwa na maana yoyote. Ndiyo ilivyo mitambo ya siku hizi, taa inazimika na watu bado wamo. Fundi viatu akakitafuta kitufe chekundu, akakata.

"Shemeji, ungenyamaza ungeshinda," alimwambia.

Alimjibu kwamba chai inapoa.

Jumamosi walikuja wote watatu, wamevaa kama wanaokwenda msibani. Mkubwa alibeba mkate mkubwa kifuani kama ngao. Walitarajia kusemwa, na pengine walitamani wasemwe, kwa kuwa mtu akishasemwa deni lake limelipwa. Opereta aliwakaribisha kama wageni, jambo lililowaumiza kuliko maneno. Aliwakalisha, akawamiminia chai, akamwagiza kitinda mimba chumvi ya mayai, kisha akamtaka kila mmoja aseme kile alichokuwa amepanga kukisema nyuma yake. Wakasema. Kitinda mimba alikiri yeye hakuwa na maoni, alifuata wakubwa. Opereta akamwambia hilo ndilo baya kuliko yote.

Mkubwa alipofika kwenye hoja yake aliitetea, na mtu mwenye haki angekubali kwamba alikuwa nayo. Alisema simu haipokewi. Alisema mwanamke wa umri ule peke yake, ua mzima, goti bovu, halafu simu imelazwa kwenye kitambaa kama marehemu. Angemfanyaje?

"Ungeniuliza," Opereta alisema. "Kwa heshima zako zote, ungeniuliza, baba. Mimi nimewaunganisha watu maisha yangu yote, na hakuna niliyemwunganisha kwa uongo."

Mkubwa aliutazama mkate.

Ndipo Opereta akaeleza kile ambacho hawakuwahi kukisikia kwa ukamilifu. Alisema miaka yote ile hakuweza kwenda msalani bila kuomba mwenzake amshikie ubao. Chakula chake alikula akiwa na chombo sikioni. Kitinda mimba alipozaliwa, uchungu ulimkuta akiunganisha laini ya mganga mkuu, na aliimaliza kwanza. Siku alipoagwa kazini alijiapia kwamba kengele ya simu haitamwamrisha tena. Itaita, na yeye ataamua. Ua ule na kuku wale ndivyo vilivyokuwa malipo yake. Kubeba simu mfukoni ni kurudi zamu.

Binti yake alisogeza kiti. "Mama, sisi hatukuiti kazini. Tunataka kujua umeamka. Basi."

Opereta alimtazama mtoto wake, mtu mzima mwenye chaki kwenye pindo la sketi hata siku ya mapumziko, akamwona juu ya ile pikipiki akichagua nguo za maziko. Alinyanyuka, akaenda dirishani, akaichukua simu. Alikikung'uta kile kitambaa, akakikunja, akakiweka kabatini. Simu akaitumbukiza kwenye mfuko wa gauni lake, ikamvuta upande mmoja.

Alitoa masharti. Atabaki nyumbani kwake mpaka yeye mwenyewe aseme vinginevyo. Simu ataibeba na ataipokea. Maua ya asubuhi njema hayataki. Anayetaka kumjulia hali apige, aseme kwa mdomo wake. Na mambo yake yasijadiliwe tena pasipo yeye kuwemo kwenye laini. Wakakubali kwa haraka ya watu waliosamehewa. Mkubwa akamwonyesha kitufe chekundu, akambonyezesha mara kadhaa hadi mama akamwambia inatosha, mwanangu, si bomu.

Wamelitunza neno lao, naye ametunza lake. Asubuhi hupiga binti, mchana mkubwa, jioni yule wa mwisho, ambaye sasa ana maoni mengi kuliko inavyohitajika. Ila kuna jambo limeondoka na hakuna anayelizungumzia. Siku hizi watoto wote watatu hukata simu wenyewe, tena upesi, kabla mama hajafika mwisho wa kwa heri. Wanaogopa laini iliyo wazi. Ile adabu ya vichwa vitatu kusubiri kwenye mkono mmoja wa simu imekwisha, na haikuuawa na mtu mbaya.

Opereta naye amejifunza ambacho simu ya mezani haikumfunza kamwe. Ile ya zamani haikujua kudanganya, maana ukiipokea wewe uko mezani na kila mtu anajua. Hii ya mfukoni haina mahali. Wiki iliyopita mkubwa alipiga akiwa na wasiwasi, akauliza anafanya nini. Mama yake alikuwa juu ya kiti kilichowekwa juu ya sanduku, mkono mmoja umeshika boriti, mwingine unafunga balbu mpya, na fundi viatu chini anashikilia miguu ya kiti huku akisoma dua zake zote. Alikuwa ameibana simu kati ya sikio na bega, kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo ujana wake wote.

"Nimekaa, baba," alisema. "Nimekaa tu, napunga upepo."

Na mkubwa, akiwa ameridhika, akakata.